Upana Uje Mwisho: Kuchagua na Kupima Vyembe vya Mshale wa Mawindo

Ukishika pakiti yoyote ya vyembe vya mawindo, yaani vichwa vya mshale vyenye mabapa ya kukata, kitu cha kwanza utakachosoma ni upana wa mkato. Inchi moja na nusu. Inchi mbili. Upana ndio unaouza, kwa hiyo watengenezaji wanautanguliza. Lakini kwa mwindaji upana ni swali la nne, na anayeanza nalo mara nyingi huishia na chembe kizuri kwa upinde wa mtu mwingine. Maswali matatu yanayotangulia hayana mvuto dukani. Je, kinapiga pale pale kinapopiga chembe cha mazoezi, kile kisicho na mabapa? Je, kinabaki kizima kikigonga mfupa? Je, kinatokea upande wa pili makali yakiwa bado makali? Kikishindwa moja tu kati ya hayo, upana wake ni pambo.

Ninazungumzia mishale ya kuwindia wanyama wakubwa, kuanzia jamii ya swala na paa hadi nguruwe mwitu na wazito zaidi, kwa upinde wa kapi (wenye magurudumu kwenye ncha zake) au wa jadi. Kabla ya kununua chochote, soma masharti ya leseni ya mahali unapowinda. Kuna nchi ambako kuwinda kwa upinde ni kosa la jinai, kuna sehemu zinazokataza vyembe vya kufunguka, ambavyo mabapa yake hulala safarini na kufunguka vikigonga, na nyingi zinakataza chembe chenye ndoano, yaani ambacho kona za nyuma za mabapa yake zinarudi nyuma na kung'ang'ania nyama mshale ukivutwa. Majimbo mengi ya Marekani yanadai mkato usiopungua inchi 7/8, sawa na milimita 22.

Anza na upinde wako, si na chembe

Risasi huharibu mwili kwa kasi yake. Mshale hauna kasi hiyo. Unaua kwa kukata. Mishipa mikubwa ikikatwa, shinikizo la damu linaporomoka. Mapafu yote mawili yakitobolewa, hewa inaingia kifuani na yanasinyaa. Ndiyo maana mshale unaopita na kutoka ni bora kuliko unaobaki ndani: tundu la pili, hasa likiwa chini kuliko la kwanza, ndilo linalomwaga damu ya kufuatia.

Ili upite, unahitaji msukumo wa kutosha kwa chembe ulichofunga. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mshale wa greni 425, yaani gramu 27.5, unaotoka kwa mita 82 kwa sekunde. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi: takriban jouli 92. Upinde ule ule ukifyatua mshale wa greni 550, sawa na gramu 35.6, kasi itashuka hadi kama mita 73 kwa sekunde, na nishati itakuwa jouli 95. Karibu sawa. Lakini momenta, uzito mara kasi, imepanda kutoka 2.26 hadi 2.60, ongezeko la asilimia 15. Mshale mzito hupunguza mwendo taratibu zaidi unapokutana na ukinzani, ndiyo maana watu wa pinde za jadi, wenye kasi ndogo, tangu zamani hawakuhangaika sana na wepesi.

Jedwali la Easton, kampuni ya kutengeneza mishale, linalonukuliwa kila mahali linapendekeza jouli 34 hadi 56 kwa wanyama wa ukubwa wa swala, 57 hadi 88 kwa wakubwa zaidi, na zaidi ya 88 kwa wale wagumu kabisa. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia, ila lina upofu mmoja: halijui umefunga chembe gani. Jouli 60 nyuma ya bapa jembamba la milimita 27 ni nyingi. Jouli hizo hizo nyuma ya chembe cha kufunguka cha milimita 51 ni za kubahatisha.

Msimamo wangu ni huu. Chini ya jouli 55 au hivi, na hapo wamo wengi wanaovuta upinde wa pauni 40 hadi 45, chukua chembe cha mabapa mawili kinachokata tangu ncha, upana wa milimita 25 hadi 29, usahau kabisa vya kufunguka. Kati ya 55 na 80, mabapa matatu yasiyokunjika au mawili yenye vibapa vidogo vya pembeni yatakutosha. Kuanzia 80 kwenda juu ndipo mlango wa vyembe vya kufunguka unapofunguka kwa haki, na hata hapo ningebaki karibu na milimita 38 badala ya kukimbilia 51.

Mabapa yasiyokunjika

Ndani ya kundi hili kuna tofauti mbili zinazostahili muda wako: ncha, na namna bapa lilivyoshikwa.

Ncha inaweza kuwa makali yenyewe, yaani mabapa yanakutana mbele na kuanza kukata pale tu yanapogusa ngozi. Au inaweza kuwa kichuma cha pembe tatu kama patasi, kinachotoboa kwanza halafu mabapa yanafuata milimita kadhaa nyuma. Ya kwanza inahitaji nguvu kidogo kuingia kwenye ngozi na manyoya. Ya pili haijikunji kirahisi ikigonga mfupa, lakini inatumia sehemu ya msukumo kusukuma kabla ya kukata. Kwa upinde laini, ya kwanza. Kuna ya tatu, ncha ya makali iliyokatwa kidogo kwa mshazari ili isiwe nyembamba kama sindano. Kwangu hii ndiyo suluhu bora, kwa sababu milimita mbili za mwisho za ncha nyembamba mno ndizo zinazopinda kwanza, na ncha iliyopinda inageuza njia ya mshale ndani ya mnyama.

Kuhusu kushikwa: chembe kinaweza kuwa kipande kimoja cha chuma, au shina lenye mifereji ambamo nyembe za kubadilisha huingizwa na kubanwa kwa pete au skrubu. Nyembe za kubadilisha zinakuja zimenolewa kiwandani na ni rahisi. Udhaifu wake uko kwenye mfereji. Liangalie shina la alumini kwenye mwanga: ukuta kati ya mfereji na mfereji unaweza kuwa na unene usiofika milimita moja, na hapo ndipo linapopasuka mshale ukigonga kombe la bega kwa mshazari. Shina la chuma cha pua au titani linastahimili zaidi. Kipande kimoja hakina mfereji wa kupasuka, lakini kitakudai ujue kunoa.

Ed Ashby, Mmarekani aliyeanza kukusanya matokeo ya mishale kwenye wanyama halisi huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, aliweka uimara wa mshale mzima mahali pa kwanza katika orodha yake ya mambo yanayoamua kupenya, na mruko safi mahali pa pili. Anajulikana zaidi kwa ile greni 650, uzito ambao juu yake alikuta mishale ikivuka mifupa mizito kwa uhakika zaidi. Wengi hunukuu 650 na kusahau namba moja. Mshale wa greni 650 wenye chembe kinachopinda ni mzigo tu.

Umbo nalo lina hesabu yake. Chembe chenye urefu mara tatu ya upana, mfano milimita 81 kwa 27, kinafanya kazi kama kabari ndefu: kinapanda taratibu na kinahitaji nguvu ndogo kuliko kifupi chenye upana huo huo. Vifupi vinapendwa kwa sababu vinaruka kwa utulivu kwenye pinde zenye kasi. Kila kimoja kinalipia kitu.

Na idadi ya mabapa? Piga hesabu ya jumla ya makali yanayokata. Mabapa mawili yenye upana wa milimita 38 yanakata mstari wa milimita 38. Mabapa matatu yenye kipenyo cha milimita 28.6 yanakata mara tatu ya nusu ya kipenyo, karibu milimita 43. Kwa hiyo matatu "madogo" yanakata zaidi ya mawili "makubwa", na tundu lake lina pembe tatu ambalo halifungi kama mpasuko ulionyooka. Gharama yake ni msuguano zaidi na mfupa unaopasuliwa njia tatu badala ya moja.

Chembe cha kunolewa upande mmoja kina wafuasi wake, na wana hoja: mteremko wa upande mmoja unakifanya kijizungushe kinapopenya, na mfupa hupasuka badala ya kutobolewa tu. Sharti ni moja ambalo watu hulipuuza: mwelekeo wa mteremko lazima ulingane na mzunguko wa manyoya ya nyuma ya mshale. Mteremko wa kulia, manyoya ya kulia. Ukivichanganya, mshale utasimama kuzunguka kisha uanze upya kinyume, na nguvu inapotea hapo.

Vyembe vya kufunguka

Hivi vinaruka mabapa yakiwa yamelala, karibu sawa na chembe cha mazoezi, kisha vinafunguka vikigonga. Faida yao ni ya kweli. Kwa upinde wa kapi unaozidi mita 85 kwa sekunde, chembe chembamba cha kufunguka kitasamehe kasoro ndogo za mkono na za upinde ambazo bapa pana lisilokunjika lingezitangaza.

Kuna vinavyofungukia mbele: ncha za mabapa zinatazama mbele, zinadaka ngozi na kupinduka kurudi nyuma. Vingine vinatelezea nyuma: mabapa yanasukumwa nyuma na nje kwa pamoja. Cha kwanza kinatumia nguvu kujipindua na mara nyingi tundu la kuingilia ni dogo kwa sababu kinakamilisha kufunguka kikiwa tayari ndani. Tatizo kubwa zaidi ni mshazari. Mnyama akiwa amegeuka, bapa moja linadaka kabla ya jingine na mkia wa mshale unarushwa pembeni. Kinachotelezea nyuma kina nafuu hapo, si kinga.

Ukinunua aina hii, kazi yako ya ukaguzi iko kwenye kizuizi, yaani pete ya mpira au kola ya plastiki inayoyashika mabapa yasifunguke safarini. Fungua kila bapa polepole kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Yote yanapaswa kuachia kwa nguvu inayofanana. Bapa moja likiachia kirahisi kuliko mwenzake, litafunguka hewani au ndani ya podo, na mshale wenye bapa moja wazi unaelekea popote. Pete za mpira zinachoka kwa jua na joto hata zisipotumika. Zibadilishe kila msimu. Kola za plastiki hupasuka kwenye baridi kali. Na kola iliyokwisha kutumika hairudishwi hata ikionekana nzima.

Kwa pinde za kifyatulio, zile zenye mtambo wa bunduki, nunua toleo lililoandikwa mahsusi kwa ajili yake. Msukumo wa kuondoka ni mkali kiasi kwamba mabapa ya toleo la kawaida yanaweza kuanza kufunguka kabla mshale haujaacha reli.

Chuma

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Vyembe vingi vizuri viko kati ya 50 na 58. Chini ya hapo makali yanajikunja yakigusa mbavu. Juu sana yanamong'onyoka. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 420 kiko upande wa laini, kinanoleka upesi na kinapoteza makali upesi. 440C ni kigumu zaidi na kinadumu. Vyuma vya vifaa kama A2 na S7 vina sifa ya kutovunjika, lakini A2 itaota kutu ukiiacha na damu usiku mmoja.

Kama pakiti haisemi chuma ni cha aina gani, chukulia ni cha bei nafuu. Unaweza kujipima mwenyewe kwa tupa nzuri, ambayo ugumu wake ni kama 62 hadi 65. Ipitishe taratibu sehemu ya nyuma ya bapa isiyokata. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu na utahitaji jiwe la almasi kukinoa. Ikiuma kidogo na kutoa unga mwembamba, uko pazuri. Ikichimba kama inapita kwenye msumari, rudisha pakiti.

Kufunga na kuzungusha

Wano, yaani fimbo ya mshale, likiwa la kaboni au alumini huwa na kiingizo chenye hesi mbele. Kiwango cha kawaida cha hesi hiyo ni 8-32, na vyembe vingi duniani vinaingia humo. Mawano membamba sana yana mfumo wake, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa. Mawano ya mti hutumia vyembe vya kugundishwa: mti unachongwa kwa mteremko wa nyuzi 5 na chembe kinabandikwa kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto. Uzuri wa gundi hiyo ni kwamba chembe kikikaa upande, unakipasha tena na kukigeuza.

Sasa kazi yenyewe. Funga chembe kwa spana yake ya plastiki, si kwa vidole. Majeraha mengi ya mchezo huu hayatoki porini, yanatoka mezani. Laza mshale juu ya vigurudumu viwili, chembe kikiwa kimening'inia mbele. Simamisha kipande cha karatasi chenye nukta milimita mbili mbele ya ncha. Zungusha taratibu na utazame ncha dhidi ya nukta, usitazame mabapa, yatakudanganya jicho. Ncha ikitulia kwenye nukta, mshale uko sawa. Ikichora duara, hata dogo kama kichwa cha pini, usiupige hadi ujue sababu.

Sababu ziko nne na njia ya kuzitenga ni rahisi. Hamishia chembe hicho kwenye mshale ambao tayari unajua umenyooka. Tetemeko likihama nacho, shina lake limepinda au hesi yake imekaa upande. Likibaki kwenye mshale wa kwanza, angalia kama kuna gundi au uchafu ndani ya hesi, halafu kama wano limepinda, halafu mdomo wa wano. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopatikana mara nyingi: wano lilikatwa likiwa na mshazari mdogo usioonekana. Paka mdomo wake wino wa maka peni, uzungushe dhidi ya msasa uliobandikwa kwenye kitu kilichonyooka pembe mraba. Wino ukifutika upande mmoja tu, hapo ndipo palipozidi. Endelea hadi ufutike duara lote kwa pamoja, kisha fanya hivyo hivyo kwa uso wa kiingizo.

Pima uzito wa kila chembe kwenye mizani ya dijitali. Tofauti ya greni 1 au 2 kati ya vyembe vya pakiti moja inavumilika. Ikifika 5, vitenge kwa makundi au vibadilishe.

Ukiamua kupanda kutoka greni 100 hadi 125 au 150, kumbuka wano litaanza kujipinda zaidi wakati wa kuondoka, kana kwamba ni laini kuliko lilivyoandikwa. Mshale uliokuwa unaruka vizuri unaweza kuanza kuyumba kwa sababu hiyo tu. Pima pia mizani ya mbele: tafuta sehemu mshale unapokaa sawa juu ya kidole, pima umbali wake kutoka kwenye pengo la nyuma linaloshika kamba, toa nusu ya urefu wa wano, gawanya kwa urefu. Kwa wano la milimita 737 linalosimama kwenye milimita 464, ni 95.5 kugawanya 737, karibu asilimia 13. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa wengi. Wanaowinda wanyama wazito hupanda zaidi ya hapo makusudi.

Mwisho, vuta upinde hadi mwisho na uhakikishe kuna mtu wa pembeni anayetazama: mabapa yabaki angalau sentimita 2 mbele ya kidole cha mkono unaoshika upinde. Wano lililokatwa fupi kwa ajili ya kasi ni hatari hapa.

Kupiga shabaha kwa chembe chenyewe

Chembe chenye mabapa wazi ni mabawa madogo yaliyowekwa mbele ya mshale. Mshale ukitoka ukiwa umekaa upande hata kidogo, mabapa hayo yanashika hewa na kuuongoza, yakishindana na manyoya ya nyuma. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa kasi. Hivyo chembe hakiharibu mruko. Kinafichua kasoro iliyokuwepo.

Anzia mita 18. Piga mshale mmoja wa mazoezi na mmoja wa chembe cha mawindo chenye uzito ule ule, ukilenga nukta tofauti ili usipasue mshale wako. Rudia mara kadhaa hadi uone mtindo, si tukio. Kisha rudi mita 27, halafu 37. Vyembe vikipiga kushoto ya mazoezi, sogeza kiegemeo cha mshale kulia. Vikipiga chini, kipandishe. Yaani sogeza kiegemeo upande unaotaka chembe kiende. Kwa upinde wa kapi, hatua moja isizidi nusu milimita hadi milimita moja, na baada ya kila hatua piga tena makundi yote mawili. Yakianza kukutana, usiguse tena.

Ikiwa kiegemeo kimehama zaidi ya milimita tatu na bado havikutani, acha. Tatizo liko kwingine: ugumu wa wano haulingani na upinde, kapi hazigeuki kwa pamoja, au manyoya yanagusa kiegemeo. Paka manyoya unga mweupe na upige mara moja. Utaona alama pale yanapogusa. Na kabla ya kulaumu chuma chochote, tazama mkono unaoshika upinde. Kiganja kinachokaza mpini kinausokota upinde, na chembe cha mazoezi kinamezea kosa hilo ilhali bapa pana halimezi.

Kwa mabapa mapana, manyoya yenye msokoto yanasaidia sana kuliko yaliyonyooka. Vyembe vyenye matundu kwenye mabapa hupungukiwa na mshiko wa upepo wa pembeni, lakini baadhi hupiga mluzi hewani, na mnyama husikia. Mwombe mwenzako asimame pembeni mahali salama, nyuma ya kinga, asikilize.

Shabaha za tabaka zilizobanwa zinaharibika upesi kwa mabapa. Tumia sponji ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya vyembe. Usipime kupenya humo. Sponji inakamata wano kwa msuguano pande zote, jambo ambalo mwili wenye damu haufanyi, kwa hiyo chembe kinachoingia sana kwenye sponji hakijathibitisha chochote.

Makali

Jaribio la kunyoa nywele za mkono linajulikana, nalo si baya, ila linapima kipande kidogo tu cha bapa. La raba bendi ni bora. Tandaza raba bendi mbili au tatu juu ya mdomo wa boksi bila kuzivuta kwa nguvu, kisha ushushe bapa juu yake kwa uzito mdogo, ukianza karibu na ncha na kuishia nyuma. Makali mazuri yanazikata kwa kugusa. Yale yanayozisukuma chini kabla ya kukata yana kazi bado. Lisogeze boksi uone ni sehemu gani ya bapa inayokataa.

Usiamini kwamba kipya ni kikali. Vyembe vingi vya kipande kimoja vinatoka kiwandani vikiwa na mteremko mzuri na makali ya wastani tu.

Kwa bapa la pande mbili, nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Kwa la upande mmoja, 25 hadi 40, nyembe nene zikipendelea pembe kubwa. Paka mteremko wino wa maka peni, piga jiwe mara mbili, angalia. Wino ukifutika nyuma tu, umelaza mno. Ukifutika ukingoni tu, umesimamisha mno. Rekebisha mkono hadi wino ufutike sawasawa. Anza na jiwe lenye ukwaru wa namba 400 hadi uhisi mkunjo mwembamba wa chuma upande wa pili ukiupitishia kidole kutoka mgongoni kwenda nje, si kando ya makali. Mkunjo huo ukiwepo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa bapa, geuza. Kisha jiwe la 1000, kwa kupunguza uzito wa mkono, na mwisho mkanda wa ngozi wenye dawa ya kung'arishia, ukivuta kurudi nyuma tu. Wanaoacha kabla ya ngozi hubaki na mkunjo uliosimama unaonyoa vizuri mezani, na unaolala kwenye mbavu ya kwanza.

Chembe cha mabapa matatu cha kipande kimoja ni kitamu kunoa: kama pembe kati ya mabapa imewekwa sawa, unalaza mabapa mawili kwa pamoja kwenye jiwe bapa na kusukuma, kisha unazungusha hadi jozi inayofuata. Pembe inajitunza yenyewe.

Kukijaribu hadi kivunjike

Nunua pakiti moja zaidi na uitoe sadaka. Plaiwudi ya milimita 12 kutoka mita 18 haifanani na mnyama hata kidogo, lakini inaonyesha haraka kama ncha inapinda na kama skrubu za nyembe zinalegea. Simama mbali na uhakikishe nyuma yake kuna kingo ya udongo. Mshale unaweza kudunda.

Jaribio lenye maana zaidi ni mbavu mbichi zilizofunikwa ngozi, zikiwa zimeegemezwa mbele ya sponji. Piga mara moja kwa nyuzi 90, mara moja kwa mshazari wa nyuzi 45. Kisha, kabla ya kupima kina cha kupenya, rudisha chembe kwenye raba bendi. Hapo ndipo vyembe vinapotengana. Vinavyokata raba bendi tena baada ya kupita mbavu ni vichache kuliko pakiti zinavyodai, na ndivyo vya kununua. Angalia pia kama bapa lolote limepotea, kwa sababu wembe uliobaki ndani ya nyama ni hatari kwa mchinjaji na mlaji.

Baada ya kila pigo zito, toa chembe na uzungushe tena mbele ya nukta. Shina la alumini linaweza kupinda kidogo bila jicho kuona. Kunja wano la kaboni polepole kwa mikono miwili, ukilizungusha, na usikilize karibu na kiingizo: likitoa sauti ya kukatika au likionyesha nyuzi zilizochomoza, livunje na ulitupe, maana litakapofyatuliwa tena linaweza kupasuka na kuingia mkononi. Nyembe za kubadilisha zilizogonga mfupa zinatupwa hata zikionekana nzuri, ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko. Shina linalofaulu kwenye nukta linaweza kuvaa nyembe mpya. Cha kipande kimoja kioshe kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe kabisa, kinoe, kipake mafuta membamba yasiyo na harufu, kisha ukirudishe kwenye podo yenye kifuniko kinachofunika mabapa yote, si ncha peke yake.